Agnes Pockels (1862-1935): Mwanamke Aliyepima Utando Juu ya Maji

Wanafunzi wa Kiswahili tumezoea kusoma wasifu wa washairi, wa waandishi wa riwaya na wa viongozi wa kisiasa. Ni nadra kwetu kukutana na wasifu wa mwanasayansi, na ni nadra zaidi kuukuta umeandikwa kwa Kiswahili. Makala haya yanasimulia maisha ya Agnes Pockels, Mjerumani ambaye, bila kuketi katika darasa lolote la chuo kikuu, aliasisi njia ya kupima tando nyembamba zinazokaa juu ya uso wa maji. Kumleta katika ukumbi huu wa lugha si kuparamia uwanja wa wenyewe. Kazi yake ilipata kujulikana kwa sababu ya mfasiri. Yeye mwenyewe baadaye akawa mfasiri. Na chombo alichokibuni kilikuja kuitwa kwa jina la mtu mwingine. Tafsiri na istilahi ni mambo yetu.

Tuanze na neno lenyewe. Kiswahili kina bahati ya kuwa na neno utando. Aliyechemsha maziwa akayaacha yapoe anaujua utando, na aliyemwaga maji ya kuoshea sufuria ya mchuzi ameuona uking'aa rangi rangi kabla ya kupotelea mferejini. Nomino hiyo inahusiana na kitenzi tanda, kile tunachokitumia tusemapo wingu limetanda. Mafuta yanapotua juu ya maji ndivyo yafanyavyo hasa: hutanda. Yakipata nafasi ya kutosha, hutanda mpaka yasiweze kuwa membamba zaidi, yaani mpaka unene wake uwe wa molekuli moja tu. Kuujua unene huo kulikuwa fumbo kubwa katika fizikia ya karne ya kumi na tisa, kwa kuwa wakati huo kuwepo kwenyewe kwa atomu na molekuli kulikuwa bado kunabishaniwa na wanazuoni wa hadhi.

Agnes alizaliwa tarehe 14 Februari 1862 mjini Venice, mji ambao wakati huo ulikuwa chini ya himaya ya Austria. Baba yake, Theodor Pockels, alikuwa afisa katika jeshi la himaya hiyo. Sehemu zile za kaskazini mwa Italia zilikuwa na malaria, na familia nzima ikaathirika. Msomaji aliyelelewa Kisumu au Kilifi hahitaji kuelezwa homa hiyo ina maana gani kwa nyumba yenye watoto wadogo. Mwaka wa 1865 alizaliwa mdogo wake, Friedrich. Mwaka wa 1871 baba alistaafishwa mapema kwa ajili ya afya yake, nao wakahamia Braunschweig, mji wa kaskazini mwa Ujerumani. Hapo ndipo Agnes alipokulia, akaishi na akafia.

Alisoma katika shule ya upili ya wasichana mjini humo. Aliipenda sayansi ya maumbile, hasa fizikia, kwa shauku ambayo hakuwahi kuificha hata uzeeni. Lakini shule ya wasichana haikuwa na ngazi ya kumpandisha msichana kwenda chuo kikuu. Vyuo vikuu vya Ujerumani havikuwasajili wanawake. Jimbo la Baden lilifungua mlango mwaka wa 1900, na Prussia, dola kubwa kuliko zote katika shirikisho lile, ikangoja mpaka 1908. Milango ilipoanza kulegea, wazazi wake walimwomba asiende. Naye hakwenda. Walikuwa wagonjwa, na yeye alikuwa binti wa pekee aliyekuwapo wa kuwauguza. Hatuna sababu ya kulipamba jambo hili kwa kuliita kujitolea kitakatifu. Wala hatuna haki ya kuwalaani wazee ambao homa ilikuwa imewanyonya. Tuseme tu kwamba gharama ilikuwapo, na aliyeilipa anajulikana.

Friedrich, ambaye ni mwanamume, alikwenda. Alisoma fizikia katika Chuo Kikuu cha Göttingen, na baadaye akawa profesa wa fizikia ya nadharia huko Heidelberg. Wanaosomea nuru wanalijua jina lake kupitia athari ya Pockels, inayohusu jinsi nguvu ya umeme inavyobadilisha mwendo wa mwanga ndani ya fuwele. Ni yeye aliyemletea dada yake vitabu na majarida. Hivyo chuo kikuu kiliingia katika nyumba ya Braunschweig kwa vipande, kupitia mizigo na barua za mdogo mtu.

Hata hivyo, majaribio yalianza kabla ya vitabu hivyo kufika. Agnes alikuwa na umri wa miaka kumi na minane au ishirini hivi alipoanza kuuchunguza uso wa maji. Husimuliwa kwamba alivutiwa na maji machafu ya kuoshea vyombo, akaona jinsi grisi na sabuni vinavyoubadilisha uso wake. Huenda ni kweli. Lakini mimi naona simulizi hii, ambayo kila anayemtaja huianza nayo, inamdunisha zaidi ya inavyomsifu. Mamilioni ya wanawake waliosha vyombo mwaka ule, na wanaume kadhaa pia. Lililomtofautisha yeye si karai la maji bali ni kipimo. Aliona kwamba jambo lililozoeleka lingeweza kuwekewa tarakimu, kisha akabuni chombo cha kuzipata tarakimu hizo.

Chombo chenyewe kilikuwa hori la bati. Urefu wake ulikuwa sentimita 70, upana sentimita 5 na kina sentimita 2. Alilijaza maji mpaka pomoni. Juu yake, kutoka ukingo hadi ukingo, alilaza ukanda mwembamba wa bati uliogusa maji na kuugawanya uso wake sehemu mbili. Ukanda huo uliweza kusukumwa huku na huku, sehemu moja ikipanuka na nyingine ikifinywa. Kisha alichukua mizani ndogo ya wauza dawa, akatundika upande mmoja kisahani kidogo, mfano wa kifungo cha nguo, chenye kipenyo cha milimita 6, akakiacha kigusane na maji. Akapima ni uzito gani unaohitajika kukibandua. Uzito huo ulimwambia nguvu ya mvutano wa uso wa maji, yaani ile hali inayoufanya uso huo uwe kama ngozi iliyowambwa, hata mdudu akaweza kutembea juu yake bila kuzama.

Yapo mambo mawili katika hori hili yanayostahili kutazamwa kwa makini. La kwanza ni usafi. Watafiti waliomtangulia walikuwa wakipata majibu yanayogombana kwa sababu maji yao yalikuwa na uchafu usioonekana: vumbi la hewani, mafuta ya kidole, mabaki ya kitambaa cha kufutia. Agnes alitambua kwamba ukanda ule ule unaogawanya uso waweza pia kuufagia. Ukiusukuma toka mwisho mmoja hadi wa pili, uchafu wote husombwa, na nyuma yake hubaki maji yenye uso mpya. La pili ni wazo la kuubana utando. Mafuta yakiwa kiasi kile kile, ukipunguza eneo, unayasogeza karibu. Aliona kwamba mwanzoni ukanda unaweza kusogezwa masafa marefu bila mvutano kubadilika. Maji hubaki kana kwamba ni safi. Kisha, eneo linapofikia kipimo fulani, mvutano huanza kuanguka ghafla. Mpaka huo ulikuwa wazi na ulirudiarudia. Leo tunafahamu kwamba hapo ndipo molekuli za mafuta zinapokuwa zimesimama bega kwa bega, na kwamba katika asidi ya steariki, itokanayo na shahamu, kila molekuli hujitwalia nafasi ya takriban sehemu 0.20 ya nanomita mraba. Mpaka huo umepewa jina lake.

Kazi hiyo aliifanya kwa karibu miaka kumi bila mtu wa nje kuijua. Maprofesa wa Kijerumani waliodokezewa hawakuonyesha hamu. Majarida ya kitaaluma hayakuwa mahali pa mtu asiye na cheo, na yeye mwenyewe alisita kuandika kwa kuwa hakuweza kujua wengine wamekwisha kuandika nini. Mtafiti yeyote aliyewahi kufanya kazi mbali na maktaba anaielewa hofu hiyo ya kuja kuambiwa kuwa alichokigundua kilichapishwa zamani.

Ndipo alipopata habari kwamba Lord Rayleigh, mwanafizikia mashuhuri wa Uingereza, alikuwa akichunguza mambo hayo hayo. Mwaka wa 1890 Rayleigh alikuwa amemwaga tone la mafuta ya zeituni katika beseni pana la maji, akatumia vipande vya kafuri kubaini ni wakati gani utando umeenea, na akakadiria unene wake kuwa kama sehemu 1.6 ya milioni ya milimita. Tarehe 10 Januari 1891 Agnes alimwandikia. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na minane, umri wa wengi wetu tunaohangaika na tasnifu za uzamili. Katika barua hiyo aliomba radhi kwa ujasiri wake, akaeleza hori, ukanda, mizani na matokeo, na akamwachia Rayleigh ayatumie apendavyo.

Barua iliandikwa kwa Kijerumani. Aliyeifasiri kwa Kiingereza ni mkewe Rayleigh, Bibi Evelyn, aliyetoka katika ukoo wa Balfour. Mara nyingi msimulizi hulipita jambo hili kwa nusu sentensi, nami nataka tusimame hapo kidogo. Barua hiyo haikuwa ya salamu. Ilijaa maelezo ya chombo ambacho mfasiri hakuwahi kukiona, ya hali mbili za uso wa maji ambazo zilikuwa hazina istilahi thabiti katika lugha yoyote ile, na ya vipimo ambavyo kosa la neno moja lingevibatilisha. Mfasiri aliyetia tanda mahali pa elea angekuwa ameiharibu kazi ya miaka kumi. Tafsiri ilifaulu. Rayleigh aliipeleka kwa mhariri wa jarida la Nature, akaambatisha maneno machache ya kuipendekeza kama kazi ya mwanamke aliyepata matokeo ya thamani kwa vyombo vya kinyumbani, akaomba ichapishwe. Ilitoka tarehe 12 Machi 1891, kwa jina la Agnes Pockels.

Rayleigh hapa anastahili haki yake. Alikuwa na kila nafasi ya kuyachukua matokeo yale na kuyatia katika makala yake, akaweka shukrani tanbihini. Historia ya utafiti imejaa tanbihi za namna hiyo. Yeye alimfungulia mwenzake mlango kisha akakaa kando. Agnes akaendelea kuandika katika Nature miaka ya 1892, 1893 na 1894, na sasa majarida ya Kijerumani nayo yakamkubali. Ilibidi jina lake lizunguke kupitia London ndipo lisikike nyumbani, jambo ambalo wasomi wa lugha za Kiafrika hawatashangazwa nalo.

Mwaka wa 1899 Rayleigh alilirudia suala hilo kwa kutumia njia ya Agnes ya kuubana utando, akafikia kauli kwamba pale mvutano unapoanza kuanguka, utando huo una unene wa molekuli moja. Hivyo hori la bati likawa mojawapo ya njia za mwanzo kabisa za kupima ukubwa wa kitu ambacho hakuna jicho lililokuwa limekiona.

Miaka iliyofuata haikuwa na majaribio mengi, na wanaoandika habari zake huipita haraka. Wazazi walidhoofika; baba alifariki mwaka wa 1906, mama mwaka wa 1914. Katikati yao, mwaka wa 1913, alifariki Friedrich, na pamoja naye ukakatika mrija wa vitabu na majarida. Kisha vikaja Vita vya Kwanza vya Dunia na dhiki iliyofuata. Afya ya Agnes mwenyewe haikuwa nzuri, na macho yalikuwa yakififia.

Lakini kuna tunda moja la kipindi hicho linalotuhusu sisi moja kwa moja. Alifasiri kwa Kijerumani kitabu cha George Howard Darwin, mwana wa Charles Darwin, kuhusu kupwa na kujaa kwa bahari na matukio ya jamii hiyo katika mfumo wa jua. Tafsiri hiyo ilichapishwa mwaka wa 1902. Mtu aliyejulikana kwa uso wa maji katika hori la upana wa vidole vitatu aliuhamisha, kutoka Kiingereza hadi Kijerumani, mjadala wa maji ya bahari nzima. Miaka kumi na mmoja kabla yake alikuwa amevushwa na mfasiri. Sasa yeye ndiye mvushaji. Sijakutana na mhakiki wa tafsiri aliyeilinganisha kazi hiyo na asili yake, na mwenye Kijerumani miongoni mwetu angepata hapo mada ya kuaminika.

Mwaka wa 1917 Mmarekani Irving Langmuir alichapisha utafiti maarufu juu ya tando hizi. Alilichukua hori na kuliboresha kwa kuongeza kifaa cha kupima moja kwa moja msukumo wa utando dhidi ya kizuizi kinachoelea, na akaonyesha jinsi molekuli zinavyosimama, kichwa majini na mkia hewani. Mchango wake ni mkubwa na hakuuiba. Lakini chombo kikaanza kuitwa hori la Langmuir, na hadi leo ndivyo kinavyoitwa katika maabara nyingi. Akishirikiana na Katharine Blodgett aligundua pia jinsi ya kuzihamisha tando hizo kutoka majini na kuzipanga juu ya kioo, tabaka juu ya tabaka.

Istilahi hubeba historia, na wakati mwingine huibeba vibaya. Kiingereza kimekwisha kuzoea jina la Langmuir, na mazoea hayo ni magumu kuyang'oa. Kiswahili hakijazoea jina lolote. Watunzi wa kamusi zetu za sayansi hawajafika hapa. Napendekeza kwamba watakapofika waandike hori la Pockels, na kwa kifaa cha Langmuir cha kupima msukumo wapendekeze mizani ya Langmuir, ambayo kweli ni yake. Hapo kila mmoja atakuwa amepata chake.

Heshima zilimfikia Agnes akiwa mzee. Mwaka wa 1931 chama cha Kijerumani cha sayansi ya koloidi kilimpa tuzo ya Laura Leonard, pamoja na Mfaransa Henri Devaux. Mwaka wa 1932, alipotimiza miaka sabini, Wolfgang Ostwald alichapisha makala ya kumtukuza, na Chuo cha Ufundi cha Braunschweig kikamtunukia shahada ya udaktari wa heshima. Mwaka huo huo Langmuir alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa utafiti wake kuhusu nyuso. Na mwaka huo huo pia, huko Cambridge, James Chadwick aliigundua nyutroni. Agnes alifariki tarehe 21 Novemba 1935.

Nyutroni naitaja si kwa ajili ya usadifu wa tarehe peke yake. Mizani ya Agnes iliweza kusema utando unavuta kiasi gani, wala haikuweza kusema una umbo gani ndani. Jibu la swali hilo lilikuja kutoka kwa chembe ile. Nyutroni zikirushwa kuelekea majini kwa pembe ndogo sana, hudunda kama kijiwe kirushwacho na mtoto juu ya bwawa. Kwa kuhesabu ni ngapi zinadunda katika pembe na urefu wa wimbi mbalimbali, mtafiti hukokotoa unene wa utando, msongamano wake, na ni kiasi gani cha maji kilichopenya ndani yake. Vituo vikubwa vya kazi hii viko Grenoble nchini Ufaransa, katika Taasisi ya Laue-Langevin, na Oxfordshire nchini Uingereza, katika kituo cha ISIS.

Uzuri wa njia hii uko katika haidrojeni. Nyutroni huiona haidrojeni ya kawaida tofauti kabisa na haidrojeni nzito iliyomo katika maji mazito: mmoja humpa alama hasi, mwenziwe chanya. Ukichanganya maji ya kawaida na takriban asilimia 8 ya maji mazito, hasi na chanya hufutana, na maji hayo huwa hayaonekani na nyutroni, sawa na hewa. Kisha ukitandaza juu yake mafuta ambayo haidrojeni yake imebadilishwa ikawa nzito, nyutroni huuona utando peke yake, wa nanomita mbili na ushei, kana kwamba unaelea bila kitu chini yake. Kwa njia hii huchunguzwa sabuni, kuta za seli, na ule utando wa mapafuni unaomwezesha mtoto mchanga kuvuta pumzi ya kwanza.

Mbele ya miali hiyo ya nyutroni, juu ya meza isiyotikisika, mara nyingi huwekwa hori. Siku hizi limetengenezwa kwa teflon badala ya bati, na vizuizi vyake husukumwa na mota badala ya mkono. Hujazwa maji mpaka yavimbe kidogo juu ya ukingo. Kabla ya tone lolote kuwekwa, watafiti husogeza vizuizi, huusomba uchafu upande mmoja, huunyonya kwa mrija mwembamba, kisha hupima mvutano wa maji kuhakikisha kwamba uso ni safi. Wasiporidhika, husomba tena.